Mwaka Walipoila Sauti ya Zaina

Ilianza siku ya Alhamisi, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimeshika sinia la glasi, na saa ya ukutani ya ofisi ya walimu ilikuwa mbele ya uso wangu, nami nikiwa mbele za watu huwa naangalia chochote ambacho hakiwezi kuniangalia. Nilikuwa kidato cha pili. Mama alipewa kazi ya kuwapikia wageni pale shule ya msingi ya mdogo wangu Zaina, hapa hapa Bagamoyo, akaniombea ruhusa kwa mwalimu wangu nikamsaidie. Wageni walitoka Dar na sanduku la mbao lililopakwa rangi ya bluu. Vijana wawili wa darasa la saba walilibeba hadi katikati ya baraza, watu wakapiga makofi, na Mwalimu Mkuu akaliwekea mkono juu kama anayegusa kichwa cha mtoto wake. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia langu nikisubiri mtu aniambie niliweke wapi. Hakuna aliyeniambia.

Nayaandika haya sasa, miaka minne baadaye, kwa sababu ya harusi. Jumapili iliyopita jirani yetu alikuwa anaoza binti yake, na Mwalimu Mkuu alikuja, siku hizi mstaafu, kanenepa shingo, kaketi mahali pa heshima na sahani mbele yake. Zaina alikuwa anapita na birika na bakuli la kunawisha wageni mikono. Yule mzee akamshika kifundo cha mkono, maji yakamwagika mkekani, akawageukia wenzake akawaambia, huyu mnayemwona yuko kidato cha kwanza sasa, na alipokuwa kwangu alikuwa hajui a wala be, mimi ndiye niliyempigania. Watu wakasema mashallah. Mafuta ya pilau yalikuwa yamempanda hadi kwenye saa. Mimi nilikuwa nyuma ya Zaina na taulo. Nikasema shikamoo, akasema marahaba mwanangu, akanipa mkono ule ule, na mimi, kwa kuwa ndivyo nilivyo, nikaupokea. Njia nzima ya kurudi nyumbani niliunusa mkono wangu, karafuu na mafuta, nikawa naufuta kwenye kanga mpaka Zaina akauliza kama nimeshika kinyesi. Nikamwambia ndiyo. Namna alivyompigania naijua. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake.

Lakini nianze na jiko. Mama anapopikia shughuli hukaa nyuma ya jengo, upande ambao upepo haupeperushi majivu kwenye sahani, na siku ile alikuwa nyuma ya ofisi ya walimu, chini kabisa ya dirisha. Kwa hiyo mimi, niliyekuwa nachambua mchele, nilisikia yote yaliyosemwa ndani, na mama hakusikia kitu, kwa kuwa alikuwa anakaanga vitunguu na vitunguu vyake huwa vinapiga kelele. Aliyekuwa anazungumza ni dada mmoja wa makamo, kilemba cha njano, sauti ya kukwaruza. Alisema wapo watoto ambao akili zao ni nzima kabisa, wengine kali kuliko za wenzao, ila maandishi hayakai mbele ya macho yao. Kitaalamu inaitwa disleksia, lakini akasema jina lisiwashughulishe sana. Mtoto wa namna hiyo hujificha. Husikiliza, hukariri, hufungua kitabu na kusema alichokisikia jana, na mtu wa mbali akamwona anasoma. Kisha akafungua sanduku akaanza kutoa vitu kimoja kimoja huku akivitaja: kadi zenye herufi za msasa ambazo mtoto huzipapasa kwa kidole, rula yenye kidirisha cha kuonyesha mstari mmoja tu, vitabu vya maandishi makubwa, na redio ndogo ya kusomea hadithi. Akasema, na hili nililiandika usiku ule kama alivyolisema:

"Vifaa hivi si vya mwalimu peke yake, na si vya mzazi peke yake. Ijumaa viende nyumbani, Jumatatu virudi, na nyinyi wawili mwambiane mtoto alikwama wapi. Mkivifungia, bora msingevipokea."

Walimu wakapiga makofi. Hapo mchele ulikuwa umenimwagika mapajani, kwa sababu nilikuwa namfikiria Zaina. Na Zaina, saa ile ile, alikuwa anaitwa mbele.

Inabidi niseme Zaina alikuwa nani siku hizo. Alikuwa na miaka kumi, darasa la nne, na alikuwa na sauti. Simaanishi sauti nzuri ya mtoto. Namaanisha sauti ambayo akiisoma Kurani chuoni, wanawake waliokuwa wakipita na ndoo walikuwa wanasimama. Kila maulidi, kila hitima ya mtu wa maana, chuo cha Maalim Hemedi kilimpeleka Zaina mbele, na akina mama walimtunza, na mama yetu alirudi nyumbani shingo imenyooka. Shuleni nako walimgundua. Akija mgeni, Zaina anafungua kwa dua, kisha anasoma risala. Watoto wenzake walimwita Redio. Walidhani wanamtania kwa kusema sana. Hawakujua kwamba lile ndilo jina la kweli kuliko yote aliyowahi kupewa, kwamba anachofanya ni kupokea na kurusha.

Siku ile alisimama na karatasi ya risala mkononi akaisoma mbele ya wageni bila kukwama hata mahali pamoja. Nilikuwa nimefika mlangoni na sinia la pili. Nikaona macho yake. Yalikuwa yametua katikati ya karatasi na hayakwenda kushoto wala kulia, kama macho ya mtu anayeangalia kisima. Yule dada wa kilemba naye aliona, maana alimwinamia Mwalimu Mkuu akamuuliza kama mtoto yule anasoma au ameikariri. Mwalimu Mkuu akacheka, akasema huyo ndiye msomaji wetu namba moja. Wakampa Zaina kitabu kimoja cha kwenye sanduku, akaambiwa akifungue, wakampiga picha. Mtoto asiyejua kusoma akapigwa picha anasoma kitabu kilicholetwa kwa ajili ya watoto wasiojua kusoma. Nikiikumbuka ile picha, na waliibandika ofisini, mate hunijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika.

Kisha wakala. Mama ana sheria moja katika kazi yake, ameirithi kwa waliomfundisha: mpishi hafunui chombo mezani. Mpishi anaweka hotipoti imefunikwa, anaweka upawa mkono wa kulia, anarudi nyuma, na mwenye shughuli ndiye anayesema bismillahi na kufunua, ili mvuke wa kwanza uwe wake. Kufunua chombo cha mtu mbele ya wageni wake ni kumpokonya heshima. Mwalimu Mkuu aliipenda sana sheria hiyo. Alisimama, akavuta mikono ya shati, akafunua hotipoti ya meza kuu, akanusa akiwa amefumba macho, akasema karibuni, mambo si ndiyo haya. Wageni wakacheka. Nikafikiri: ni mtu mchangamfu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano.

Jioni nilimwambia mama yote niliyoyasikia dirishani. Alikuwa ameketi kwenye kigoda anasugua masufuria kwa majivu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama hayo si ya watoto wagonjwa. Nikasema hapana. Akasema Zaina amehifadhi juzuu tano, mtoto mgonjwa anahifadhi juzuu tano? Hili ndilo kosa la nyumbani kwetu, na nadhani ni la nyumba nyingi za huku. Sisi mtoto akisimama na msahafu na sauti ikatoka, tunasema anasoma. Hatuna neno jingine. Mtoto aliyeona herufi na mtoto aliyesikia wenzake wanaipaza aya mara mia, wote wawili wanasoma, na wote wawili wanatunzwa. Kwa hiyo barua zilipokuwa zinatoka shuleni kwamba Zaina hasomi, mama aliona ni uongo au ni kiburi cha mtoto. Na kiburi kina dawa yake.

Dawa ilikuwa baada ya chakula cha jioni. Chumba chetu kilikuwa na kitanda kimoja na mkeka, na ukutani kulikuwa na msumari wenye sare mbili, yangu na yake. Tulikuwa tunaketi mkekani, harufu ya dagaa bado mikononi, na Zaina anafungua kitabu cha darasa la pili, kwa maana cha darasa la nne tulikwishaacha kujidanganya nacho. Kilikuwa na hadithi ya bata. Mama anakaa kitandani na mwiko. Hakuwa mkali, mama yetu, na hilo ndilo linaloniuma, alikuwa anaogopa, na woga ndio ulioshika mwiko. Zaina alikuwa anaanza vizuri, sentensi ya kwanza aliwahi kunisikia nikiisoma, akifika ya pili anababaika, anabahatisha, anaangalia picha ya bata anatunga yake. Mwiko unashuka. Mama anasema, "Kurani yote unaisoma, bata anakushinda?" Na Zaina anajikunja, jasho la mtoto lina harufu yake akiogopa, chachu kama maziwa, na mpaka leo harufu ile naijua popote nikiisikia. Usiku mmoja aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba herufi zinatembea. Akauliza kwangu zinakaaje. Nikasema zimekaa tu. Akasema, "Basi wewe zimekuonea huruma."

Shuleni walikuwa na dawa yao. Alisimamishwa mbele ya ubao kila asubuhi, akachapwa kwa kutonakili, akawekwa dawati la nyuma na watoto waliokuwa wanalala. Mwalimu wake wa darasa, Mwalimu Pendo, alikuwa mgeni, msichana tu, ndiyo kwanza kapangiwa kazi, na darasa lake lilikuwa na watoto mpaka dirishani. Shule ilisema wazazi hatumfuatilii. Sisi tulisema walimu hawafundishi. Kila upande ulimpiga kwa niaba ya upande wa pili, na lile sanduku la bluu, ambalo kazi yake ilikuwa kutukalisha pamoja, lilikuwa halijaonekana tena tangu siku ya picha.

Mwezi wa nane mama alimwendea Maalim Hemedi akaomba kombe. Kwa asiyejua: Maalim huandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, huiosha kwa maji ya waridi, na yale maji ndiyo anayokunywa mwenye haja. Sina neno baya na kombe. Nimelinywa nikiwa na homa na nitalinywa tena. Zaina alikunywa la kwanza, la pili, na kila siku wiki nzima, asubuhi kabla ya chai, na kila usiku bata alikuwa pale pale. Siku ya mwisho nilitumwa mimi kurudisha sahani. Maalim alikuwa peke yake barazani kwa chuo, anakula embe bichi na chumvi. Akauliza mdogo wangu anaendeleaje. Nikasema, macho yangu yako kwenye ganda la embe, kwamba naona kama Zaina hazijui herufi. Akaendelea kutafuna.

"Hazijui," akasema. "Nimelijua hilo tangu yuko juzuu amma, mwanzoni kabisa. Nilimgeuzia ukurasa siku moja, akaendelea na ule wa mwanzo."

Nikamuuliza mbona hakumwambia mama.

"Mama yako hajaniuliza kama anasoma. Aliniuliza kama amehifadhi. Amehifadhi." Akalamba chumvi kidoleni. "Sauti ile ni neema, mwanangu. Utaikatia mtu neema yake kwa ajili ya herufi?"

Yaani alikuwa anajua. Alikaa na kalamu na zafarani akamwandikia mtoto kombe la kusoma, naye anajua, kwa sababu maulidi yalikuwa karibu na chuo cha mtaa wa pili kilikuwa na kijana mwenye sauti. Nilirudi nyumbani nikatema mate njia nzima. Tangu siku ile embe bichi silili. Nilimwambia mama. Mara hii hakunibishia. Aliketi, akaniuliza kama nina hakika Maalim ndiye aliyesema, kisha akaenda uani akaukuta mwiko wake kwenye ndoo, akautazama, akaurudisha ndani ya ndoo. Mwiko ule haukumgusa tena Zaina. Lakini mama alikuwa bado hajui afanye nini badala yake, na mtu asiyejua afanye nini huwa anakubali lolote analoambiwa.

Aliloambiwa lilikuja Septemba. Tuliitwa ofisini, mama na mimi, kwa kuwa baba alikuwa shambani Miono kama kawaida ya msimu. Mwalimu Mkuu alikuwa nyuma ya meza anakunywa chai kwa andazi, na juu ya kichwa chake, ukutani, Zaina kwenye picha ameshika kitabu. Alimwita mama dada yangu. Alisema upimaji wa darasa la nne unakuja, shule yake inajitahidi kupanda, na mtoto kama Zaina akiingia chumba cha mtihani anawavuta wenzake chini kama jiwe. Kwa hiyo, kwa wema tu, asiwepo. Aumwe siku hizo mbili. Na baada ya hapo, kama kuna ndugu mashambani, mtoto apumzishwe huko, maana si kila mtu kaumbiwa kalamu. Makombo ya andazi yalikuwa yamemshika kwenye mdomo wa juu, yanapanda na kushuka. Mama akasema yupo wifi yake Miono, ana watoto wadogo, amekuwa akitaka msichana wa kumsaidia. Mwalimu Mkuu akasema, "Umeona, mambo yenyewe mepesi." Mwalimu Pendo alikuwa amesimama kando ya kabati, anaangalia viatu vyake, nami nilimtambua, maana ndivyo ninavyosimama.

Nikasema kitu. Nadhani nilisema, sanduku. Mwalimu Mkuu akauliza sanduku gani. Nikasema la bluu, la wageni. Akanitazama kama anayetazama nzi aliyetua kwenye chai, akamwambia mama, "Huyu binti mkubwa ana maneno." Basi. Mama akanishika mkono tukatoka. Getini Mwalimu Pendo alitukimbilia, akajifanya anamuaga mama, akasema haraka haraka kwamba liko stoo, ameliomba mara tatu, ufunguo anao Mkuu, anasema vifaa vikitumika vitachakaa na wageni watarudi kuviona. Akasema samahani. Mama akanivuta tukaenda. Nyumbani alianza kufua nguo za Zaina na kuzikunja kwenye mfuko, na Zaina aliuliza tunakwenda sherehe gani. Alipoambiwa Miono akauliza atarudi lini. Mama akasema kula kwanza. Ulikuwa wali na kisamvu, nakumbuka, na sote watatu tuliuacha.

Kisha wageni wakaleta habari kwamba watarudi, na wanakuja Alhamisi, siku chache kabla ya upimaji. Mwalimu Mkuu akatuma mtu kwa mama: pilau kama ile ile, na Zaina aandaliwe, atasoma risala. Mtoto aliyekuwa jiwe la kuwavuta wenzake alikuwa msomaji namba moja tena. Aliahidiwa viatu. Angesoma Alhamisi, na Ijumaa angepanda gari la Miono. Mama alikubali kazi. Sikuelewa kwa nini alikubali, na kwa siku mbili hata yeye nilimwonea kinyaa, na hilo halikuwahi kunipata kwa mama kabla wala baada.

Jumatano mchana tulikwenda kuosha vyombo na kuchambua mchele. Mwalimu Mkuu alifungua stoo mwenyewe, akalivuta sanduku kwa mguu mpaka mlangoni, akasema, "Mama Rukia, lipanguse kidogo, wageni watataka kuliona," akaenda zake. Rukia ni mimi. Stoo ile ndiyo iliyokuwa inawekwa mahindi ya uji. Pembe moja ya sanduku ilikuwa na tundu la kuingia ngumi. Mama akafunua mfuniko na harufu ikatoka kama mtu, ikasimama mbele yetu. Mkojo wa panya. Mkojo wa miezi. Vitabu vya maandishi makubwa vilikuwa vimetafunwa mpaka kwenye uti, vikawa nyuzi, na nyuzi zikawa kiota, na katika kiota mlikuwa na vitoto vya panya vyekundu, visivyo na manyoya, vinahema. Mavi meusi yamejaa kwenye redio. Rula zimeliwa ncha. Mama alikitoa kile kiota na vitoto vyake kwa jivu na koleo, akakitupa kwenye shimo la taka. Mimi nilikimbia ukutani nikatapika, na nilipomaliza nilikuta bado nimekasirika, kwamba kutapika hakukuniondolea kitu.

Kadi za msasa zilikuwa zimebaki chache, panya hawali msasa. Mama aliokota moja akaipangusa kwa upindo wa kanga. Akauliza ndizo hizo nilizomsimulia. Nikasema ndizo. Akauliza zinafanywaje. Nikamwonyesha, kidole juu ya herufi, unaifuata huku unaitaja. Aliifuata. Kidole cha mama kimeungua mara nyingi, sidhani kama kilihisi kitu. Akasimama akamwita Zaina, aliyekuwa nje ya ukumbi anafundishwa risala na mwalimu mmoja, mstari kwa mstari, kwa kusikia. Zaina akaja, akafumba macho kama nilivyomwambia, akapitisha kidole juu ya herufi, mara moja, mara ya pili, akaitaja. Akapewa nyingine, akaitaja. Akafumbua macho akaishika ile kadi kwa mikono miwili.

"Hii haitembei," akasema.

Mama akaketi chini, pale pale, kwenye uchafu. Nilidhani atalia. Alisema tu, polepole, kwamba zilikuwa hapa. Kwamba alipokuwa anampa mtoto kombe zilikuwa hapa, na alipokuwa na mwiko zilikuwa hapa, hatua chache kutoka kwenye jiko lake. Mwalimu Mkuu akapita akachungulia, akaziba pua, akasema yale yaliyoharibika yatupwe na yaliyobaki yapangwe juu juu ili sanduku lionekane limejaa. Akamwambia Zaina arudi kwenye risala. Akamkumbusha mama kuhusu Ijumaa. Mama akasema, "Nakumbuka, mwalimu." Alisema kwa adabu zote. Akarudi kwenye mchele.

Watu waliokuwa harusini hawakuniuliza, lakini kama wangeniuliza ningewaambia aliyempigania. Mwalimu Pendo alikuja kwetu Jumamosi iliyofuata na kadi zile ndani ya mfuko wa rambo, akavua viatu, akaketi mkekani, na mama akaketi upande wa pili, na Zaina katikati. Ndivyo walivyokaa kila Jumamosi kwa karibu miaka mitatu. Mama alikata nyingine kwa msasa wa fundi seremala wa mtaani. Alikuwa anamwambia Mwalimu Pendo amekwama hapa, na Mwalimu Pendo anasema shuleni naye alikwama hapo hapo, na wanacheka kama watu waliokutana njiani. Zaina aliingia kwenye upimaji na akapita kwa kuchechemea. Bado anasoma polepole, na rula yenye kidirisha, na akichoka anasikiliza. Miono anakwenda likizo. Mwalimu Mkuu alihamishwa, akastaafu, akala pilau za watu. Lakini hayo yote yalitoka kwenye Alhamisi ile ya pili, asubuhi, na hayo ya asubuhi ile sijawahi kumsimulia mtu.

Mama ana hotipoti moja mbovu, ya maua mekundu, haitunzi joto, tunaiwekea chenga za mkaa. Jumatano jioni, kabla ya magharibi, nilirudi na koleo kwenye shimo la taka la shule. Kiota kilikuwa bado kizima, nikakichota. Asubuhi yake niliiosha ile hotipoti kwa nje mpaka maua yakang'aa. Kwa ndani sikuwa na haja ya kuiosha. Wageni walifika, wakaketi, dada wa kilemba alikuwepo, mara hii kilemba cha kijani. Risala ilikuwa ifuate chakula. Zaina nilimkuta nyuma ya ukumbi, kavaa viatu vipya vinavyombana, nikamwambia avue, leo hasomi, akakae jikoni na kadi zake. Akavua pale pale.

Hotipoti ya pilau hubebwa kwa mikono miwili, mwili umerudi nyuma. Ile niliinyanyua kwa mmoja. Mama alikuwa anapakua kwenye sufuria, akageuka, akaiona ile ya maua mekundu, akauona na mkono wangu. Tukatazamana. Nilisubiri aniite jina langu lote, kama anavyofanya anapotaka kunizuia. Akafuta upawa kwa kanga, akaninyooshea.

"Umesahau huu," akasema.

Nikaingia ukumbini. Humo nako kulikuwa na saa ya ukutani, macho yangu nikayaweka hapo. Nikaiweka hotipoti ya meza kuu mbele ya Mwalimu Mkuu, imefunikwa, na upawa nikauweka mkono wake wa kulia. Kisha nikarudi nyuma ya kiti chake nikasimama, kama nilivyofundishwa, na yeye akavuta mikono ya shati.